Kiraka cha Rebeccah

Nianze kwa kukiri kwamba nilimkasirikia Rebeccah zaidi ya mwaka mzima, na hata leo nikimwekea kikombe mezani mkono wangu huwa mzito. Mimi ni Syprose, mpishi wa kantini katika kiwanda cha chai nje kidogo ya Sosiot. Nimepika hapa miaka kumi na saba. Wafanyakazi wote hula kwangu, na mtu aliyeshiba hafungi mdomo, kwa hiyo najua mengi ambayo meneja hayajui. Lakini haya ya Rebeccah sikuyaokota kwa umbea. Aliniambia mwenyewe, ameketi juu ya debe tupu la mafuta jikoni kwangu, na alipomaliza nilimwambia atoke.

Hata hivyo nimtendee haki, maana si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa nimeshamsahau.

Alikuja hapa akiwa mke wa fundi wa stima. Mumewe aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki karibu na Kapsoit, mtoto wao wa pekee, Vinny, akiwa darasa la pili. Kiwanda kikampa mjane ufagio. Ndiyo huruma ya viwanda: mume anakufa, mke anapewa ufagio. Alifagia chumba cha kuchambua chai miaka minne, kichwa kimefungwa leso, kope zimejaa vumbi la kahawia, na jioni akikohoa unaweza kudhani anatoa kikombe kizima cha vumbi kifuani.

Kisha vijana wa Nairobi walikuja kufunga kamera. Walihitaji mtu wa kuwashikia ngazi, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka kushika ngazi siku nzima, walipewa Rebeccah. Walidhani anashika ngazi tu. Kumbe mwenzao alikuwa darasani. Walipoondoka haukupita mwezi kamera mbili zikazima, na walipopigiwa simu wakasema watakuja baada ya wiki mbili. Rebeccah akaenda ofisini na ufagio wake mkononi, akasema, "Sir, si kuharibika. Hizo mbili zimegongana namba ya network." Meneja alicheka. Baada ya nusu saa kamera zilikuwa zinafanya kazi, naye hakuwa anacheka tena. Akamlipia kozi ya wiki sita Kericho mjini, na aliporudi akapewa kiti, kompyuta na chumba cha kamera.

Tulimtania sana. Tulimwita Mama Macho. Lakini moyoni tulijivuna kwa ajili yake, hasa sisi wanawake.

Kamera nyingi za pale zimekodoa mahali pamoja tu, mchana kutwa. Moja ilikuwa tofauti. Ilikuwa juu ya mlingoti mrefu nyuma ya ghala, ya mviringo, ya kugeuka. Inazunguka, inainama, na ukitaka kitu cha mbali inakivuta kikawa puani pako. Rebeccah ndiye aliyeipangia kazi kwenye kompyuta, na siku moja alinionyesha. Unaipeleka kwa mishale hadi mahali unapotaka, unavuta picha ikae sawa, halafu unahifadhi mahali hapo kwa namba. Namba moja ilikuwa mlango wa ghala, mbili mizani, tatu lango la malori. Namba sita ilikuwa fensi ya nyuma, inayopakana na msitu mdogo wa mto. Zote zilikuwa nane. Ukishamaliza unaipangia mzunguko: ikae kila namba sekunde ishirini, ihamie inayofuata, ikifika nane irudi moja. Kila dakika tatu ilikuwa imemaliza kiwanda kizima.

"Ni soja asiyechoka," akasema.

Nyagaka alikuwa ameegemea mlango na kikombe chake. Huyo alikuwa soja wa kweli, mtu wa kwetu Kisii, miaka kumi na miwili getini, na mke wake Esnah alikuwa na chai kidogo na ng'ombe mmoja upande wa Sotik. Akasema, "Soja asiyechoka pia hakimbizi mtu, Mama Vinny. Huyo wako ataangalia mwizi mpaka afike kwao salama."

Tulicheka wote. Walikuwa wanapatana, hao wawili. Nyagaka akipita fensi ya nyuma alikuwa anainua rungu kuisalimu kamera, na saa ya chai anauliza, "Umeniona leo?" Naye Rebeccah anamjibu, "Nimekuona, mzee. Kofia imepinda."

Sasa nifike kwenye Desemba yenyewe.

Mwaka ule Vinny alikuwa na miaka kumi na sita na alitahiriwa pamoja na vijana wengine wa pale kijijini. Kwa Wakipsigis, wenyeji wa hapa, vijana wakishatahiriwa hutengwa kwenye nyumba yao, wanaiita menjo, mpaka wapone na wafunzwe mambo ya kiume. Mwanamke hakaribii huko. Hapiti hapo, haangalii upande huo, haulizi. Hata mama mzazi hupika chakula na kukikabidhi kwa wanaume wakipeleke. Hata kwetu kuna heshima ya namna hiyo, kwa hiyo sikushangaa. Kwa kuwa baba ya Vinny hakuwepo, mambo yote yalikuwa mikononi mwa Kipkosgei, kaka ya marehemu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na fimbo nzuri. Menjo ilijengwa kwenye shamba lake, ndani ya ule msitu mdogo, ng'ambo ya fensi yetu ya nyuma. Ukisimama chini huoni chochote isipokuwa miti. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna jicho juu ya mlingoti.

Rebeccah aliona moshi kwenye namba sita siku ya kwanza. Akageuza uso, akangoja sekunde ishirini ziishe. Alifanya hivyo kila dakika tatu, siku nzima, siku baada ya siku. Fikiria kazi ya mtu ni kuangalia, na kila dakika tatu anaangalia ukuta.

Wiki ya pili uvumi ulifika kwamba kijana mmoja ana homa kali. Wanaume hawakusema ni nani. Rebeccah hakulala siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akiwa peke yake, alisimamisha mzunguko, akaishika kamera kwa mkono, akavuta. Akavuta mpaka mwisho wake. Kati ya majani akaona paa la matawi, na kijana aliyempa mgongo, amebeba kuni, anatembea ametanua miguu kwa uchungu. Hakujua kama ni wake. Alitoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba ameshika sufuria ya moto.

"Sikuona uso, Syprose," aliniambia. Alirudia mara tatu. Kana kwamba kosa liko usoni.

Kesho yake Kipkosgei alikuja getini akaomba aitiwe shemeji yake. Nyagaka ndiye aliyemwita. Mzee hakujua lolote la jana yake. Alikuwa ametumwa tu na wenzake.

"Chamgei, Rebeccah," akamsalimu. "Hiyo kitu yenu inazunguka huko juu. Wazee wanauliza inaona mpaka wapi."

"Inaona fensi, mzee."

"Fensi tu?"

Kipkosgei akachora chini kwa fimbo, akafuta kwa kiatu.

"Basi ifanye isione kupita fensi. Na usiambie hao watu wako ni kwa nini. Hiyo si maneno ya ofisi."

Mtu mwingine angeenda kwa meneja akamwambia, sir, kuna mambo ya kimila huko nyuma, tuifiche sehemu ile mpaka mwisho wa mwezi. Meneja wetu ni mgeni wa hapa lakini si mkorofi, pengine angekubali. Rebeccah aliogopa. Ile programu ya kamera ina daftari lake la ndani. Kila anayeishika kamera kwa mkono huandikwa: jina, tarehe, saa, upande alioigeuza. Alijua meneja akianza kuuliza habari za namba sita atafungua lile daftari, na jina lake atalikuta pale. Na habari ikitoka ofisini haikai nusu siku kabla ya kufika kijijini. Watasema macho ya mama yake Vinny yaliingia menjo. Aibu ya hivyo haimwangukii mama peke yake. Kijana huibeba mpaka siku ya kuoa.

Kwa hiyo alifanya kimya kimya. Alifikiria kuifuta namba sita, lakini meneja alikuwa nayo kwenye orodha ukutani. Alifikiria kuiwekea kamera mwisho wa kugeuka, isifike kabisa upande ule, lakini fensi yote ya nyuma ingepotea. Ndipo akakumbuka kwamba kwenye mipangilio kuna mahali pa kuficha. Imewekwa kwa ajili ya madirisha ya majirani, ili watu wasipigwe picha wakivaa. Unachora umbo la mstatili juu ya picha, unalipa jina, unahifadhi, na tangu hapo kamera igeuke igeukavyo, sehemu ile hubaki nyeusi. Haifichwi kwenye skrini tu. Picha inaingia kwenye diski ikiwa tayari nyeusi, na hakuna wa kuifunua baadaye, si yeye wala fundi wa Nairobi.

Kiraka cha kwanza kilifunika miti peke yake. Kingebaki hivyo nisingekuwa na hadithi. Lakini kamera ilipohamia namba sita kwa kasi, kiraka kilichelewa nusu sekunde, na katika nusu sekunde ile ukingo wa msitu ulionekana pamoja na moshi wake. Mtu mwingine asingejali. Rebeccah aliona nusu sekunde ile kama mlango ulioachwa wazi. Akakipanua kushoto, akakipanua kulia, bado hakuridhika, akakivuta chini, kikameza kijia kinachopita kando ya fensi na fensi yenyewe hatua hamsini. Kwenye orodha akakiandika jina "miti". Wiki tatu tu, akajiambia, vijana wakitoka nitakifuta.

Mimi mwenyewe niliiona ile nyeusi nikipeleka chai, nikadhani ni ukungu. Pengine kuna mwingine aliyeiona akajua si ukungu.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja na kitu jioni. Mvua ilikuwa imepiga mchana na kuacha wingu limelala juu ya majani. Feni za kukaushia zilikuwa zinanguruma, na feni zile zikinguruma hata radi hutaisikia vizuri. Nyagaka alikuja mbio mpaka mlango wa kantini, hana kofia, kifua chote kimejaa unga wa chai, anahema.

"Wameiba! Walikuwa watatu. Wamevuka mto na magunia!"

Magunia sita ya chai iliyo tayari yalikuwa yametoka ghalani kwa dirisha ambalo halimo kwenye zile namba nane. Fensi ilikuwa imekatwa vizuri, kwa koleo, pale pale kwenye kijia. Redio ya mawasiliano ya Nyagaka ilikutwa kwenye matope. Kufikia saa mbili asubuhi ya Jumatatu sajini alikuwa amefika, na meneja, ambaye wakurugenzi walikuwa wamempigia simu usiku kucha, alikuwa ameshaamua kwamba wezi hawakati fensi vizuri hivyo bila mtu wa ndani. Walimuuliza Nyagaka vipi kifua chake kina chai kama hakubeba gunia. Nyagaka hata hakukasirika. Alisema, "Afande, kwa nini tunabishana? Kamera iko. Namba sita. Twende kwa Mama Vinny."

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo alivyofikiri. Walienda chumba cha kamera wakiwa watatu, na mimi nikaambiwa nilete chai. Ndiyo maana niliona.

Rebeccah alikuwa amekaa wima kabisa. Akatafuta saa kumi na moja na dakika arobaini. Kamera ikazunguka kwenye skrini: ghala, mizani, lango, lori limesimama. Ikafika namba sita. Nyagaka akatokea upande wa kushoto, anatembea haraka, rungu mkononi. Akaingia kwenye ile nyeusi, bega kwanza, halafu mguu, halafu hayupo. Nyagaka aliyesimama nyuma ya kiti akasema kwa furaha kabisa, "Sasa ngojeni."

Tukangoja. Kamera ikahama, Rebeccah akasukuma mbele, ikarudi namba sita. Nyeusi. Akasukuma tena. Nyeusi. Mzunguko wa nne, Nyagaka akatoka upande ule ule aliokuwa ameingilia, hana kofia, anajipangusa kifua kwa mikono miwili. Dakika kumi na mbili.

"Hao watatu wako wapi?" sajini akauliza.

"Ni hapo, afande. Hapo ndani. Tulikuwa tunapigana hapo."

"Mimi naona mtu mmoja ameingia na huyo huyo ametoka."

Meneja akainama karibu na skrini. "Rebeccah, hii nyeusi ni nini?"

Nilikuwa nimeshika birika. Rebeccah hakugeuka kutoka kwenye skrini. Akasema, "Ni kawaida ya kamera, sir. Ikigeukia upande huo mwangaza unakuwa mkali, inajifunika."

Jioni ile hakukuwa na mwangaza. Kulikuwa na wingu mpaka chini. Lakini meneja hajui kamera, sajini hajui kamera, na mwenye kujua alikuwa ameshasema. Nyagaka hakubisha. Hilo lilinishangaza. Aliacha kuongea kabisa, akasimama tu amegeuza kichwa upande wa Rebeccah, na nikadhani amevunjika moyo. Wakampeleka. Chai yangu hakuna aliyeinywa.

Najua mtu atasema, angesema baadaye. Siku ile ile jioni angesema. Mimi pia nilimuuliza hivyo, tena kwa sauti. Akaniambia kwamba uongo wa kwanza ulimtoka kwa woga, lakini baada ya hapo haukuwa tena wa kamera tu. Angesema kiraka ni changu, wangeuliza cha nini. Angesema cha menjo, polisi wangeenda menjo. Na kila siku iliyopita ikaongeza swali, mbona hukusema jana? Alitegemea korti itaona hakuna ushahidi na kumwachilia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini fupi ile ile inatosha kumfikisha mtu mwingine gerezani.

Maana hakukuwa na kesi ya kusikilizwa. Ndugu zake Nyagaka walimfuata rumande wakamwambia kamera imekuona, mawakili ni wa matajiri, kubali upunguziwe. Akakubali. Mtu ambaye hajawahi kuchukua hata kijiko cha sukari kantini kwangu alisimama mbele ya hakimu akasema ni kweli. Mwaka mmoja na nusu.

Esnah alikuja kuchukua vitu vyake, koti na gambuti na redio ndogo ya betri. Nilimpa chakula, hakula. Rebeccah alipoingia, Esnah akasimama.

"Dada, wewe ndiye uko na hiyo kamera. Wewe ulimwona?"

"Niliona vile wote waliona," Rebeccah akasema, akatoka bila kuchukua chai yake.

Sikujua bado. Nilimwona mwoga tu, mtu asiyetaka kumwangalia mke wa mfungwa machoni. Hata nilimtetea. Nilimwambia Esnah, "Msamehe, ana kijana menjo, mawazo yako huko."

Vijana walitoka mwisho wa mwezi, siku mbili kabla ya mwaka mpya. Kulikuwa na nyimbo na soda na nyama, na Vinny alikuwa amenenepa shavuni, homa haikuwa yake hata kidogo. Kwa desturi yao, sasa anaitwa kwa jina la baba yake. Asubuhi iliyofuata Rebeccah alifika kazini mapema, akafungua mipangilio, akachagua "miti", akafuta. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Kijia kikarudi, na fensi yenye waya mpya.

Jioni ile alikuwa anamwekea kijana wake kimyet, ugali wa kwao, na mboga. Vinny akauliza, mdomo umejaa, "Mama, wale wezi walishikwa?"

"Wezi gani?"

"Wa Jumapili ile. Walikuwa watatu na yule soja mzee alikuwa peke yake. Tuliwaona kwa miti. Mmoja alimpiga na gunia kwa kifua mpaka likapasuka. Alikuwa anaita watu. Sisi tulitaka kutoka tumsaidie, tukaambiwa keti chini." Akameza. "Si uliona kwa kamera?"

Rebeccah aliniambia anakumbuka tu kwamba kimyet kilipoa.

Alienda kwa Kipkosgei usiku huo huo. Kwa mara ya kwanza alimwambia shemeji yake jambo bila kuzunguka: kiraka, kijia, Nyagaka, na alichoona Vinny. Lile la kuvuta kamera hakulisema. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kijana hakuona kitu. Alikuwa menjo. Mtu wa menjo hasimami korti kusema aliona nini akiwa huko." Rebeccah akalia. Mzee akamwambia pole, na alimaanisha, kisha akamfungulia mlango.

Jumatatu akaenda kwa meneja na kumwambia yote, pamoja na lile la kuvuta. Alikuwa amevua hata kitambulisho cha kazi, akakiweka mezani. Nafikiri alitamani kufukuzwa. Meneja alifungua lile daftari la programu, akaona ni kweli. Halafu akauliza swali moja: "Ukikitoa sasa, tunaweza kuona kilichokuwa chini yake siku ile?"

"Hapana, sir. Haikurekodiwa."

"Basi unataka nipeleke nini kwa polisi? Maneno? Mtu amekubali mwenyewe. Wakurugenzi wameshafunga hiyo maneno." Akakisukuma kitambulisho upande wa Rebeccah. "Rudi kazini. Na hii tusiisikie tena."

Hakumfukuza. Alirudi akakaa kwenye kiti kile kile, na kamera ikaendelea kuzunguka, moja mpaka nane.

Ilimchukua mwezi mwingine kufika gerezani. Alienda Jumamosi, amebeba sabuni na mkate. Nyagaka alikuwa amekonda, mkono mmoja anaushika karibu na mbavu. Walikaa pande mbili za meza, askari amesimama karibu. Rebeccah akaanza kueleza, maneno yanagongana: kiraka ni yeye aliyechora, hakukuwa na mwangaza, alidanganya, kijana wake aliwaona wote watatu, amemwambia meneja, ataandika barua kwa hakimu, atafanya lolote.

Nyagaka alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Kijana alitoka salama?"

"Alitoka salama."

"Ni vizuri." Akavuta mkate upande wake, hakuufungua. "Mimi nilijua hiyo nyeusi ni nini, Mama Vinny. Nilikuwa napita hapo kila siku, moshi nilikuwa naona. Ningesema menjo, ingekuwa Mkisii anapelekea vijana wa watu polisi. Na sisi tunaishi hapa. Esnah anaishi hapa. Hiyo ilikuwa ya mtu wa hapa kusema."

Rebeccah akasema, "Mzee, hukuniambia."

"Nikuambie nini? Siku ile wote walikuwa wanaangalia TV. Mimi nilikuwa naangalia wewe."

Halafu akainuka kabla ya muda kuisha, akachukua sabuni, akaacha mkate, akarudi ndani.